Madodoso ya hali ya kazi ya wauguzi: lipi la kushika hospitali inapobadilika

Hospitali ikianza kubadilika, huja siku ambayo mtu wa uongozi husema: "Tuwaulize wauguzi wenyewe." Ni wazo zuri. Wodi mbili zimeunganishwa, zamu za saa 8 zimekuwa za saa 12, mafaili ya karatasi yamehamia kwenye kompyuta, msimamizi mpya ameletwa kutoka idara nyingine, na anayebeba uzito wa hayo yote saa 9 usiku ni muuguzi aliye zamu. Shida huanzia kwenye kuchagua dodoso. Huchukuliwa lile la kwanza kupatikana, au maswali 10 hutungwa mezani alasiri moja, kisha matokeo yakija hakuna anayejua ayafanyie nini.

Hapa tunapitia madodoso yanayotumika zaidi kupima kuridhika kwa wauguzi, mazingira yao ya kazi na uchovu wao. Kila moja tumelipima kwa swali hili: likileta habari mbaya, linakuonyesha uanzie wapi? Jibu letu tunalitoa mapema. Kwa hospitali iliyo katikati ya mabadiliko, chukua PES-NWI (Practice Environment Scale of the Nursing Work Index) kwa mazingira ya wodi, liambatanishe na Copenhagen Burnout Inventory kwa uchovu, uongeze maswali machache ya kwako. Madodoso ya kuridhika yakitumika peke yake, hata yaliyotungwa vizuri, yanaweza kukudanganya wakati huu kuliko wakati mwingine wowote. Hesabu ya udanganyifu huo iko mbele kidogo.

PES-NWI: swali lina mwenyewe

Asili ya dodoso hili inaeleza nguvu zake. Mwaka 1983 American Academy of Nursing ilizitambua hospitali 41 za Marekani zilizoendelea kuvuta na kubakiza wauguzi wazuri wakati nyingine nyingi zikilia uhaba. Zikaitwa hospitali sumaku. Sifa zao zikazaa Nursing Work Index ya 1989, yenye maswali 65, na mwaka 2002 mtafiti Eileen Lake akaichuja hadi maswali 31, ndiyo PES-NWI, katika mafungu 5: ushiriki wa wauguzi katika mambo ya hospitali (maswali 9), misingi ya uuguzi bora (10), uwezo wa msimamizi na jinsi anavyowasaidia wauguzi (5), utoshelevu wa wafanyakazi na vifaa (4), na uhusiano wa wauguzi na madaktari (3).

Ubora wake mkubwa ni kwamba halimuulizi muuguzi anajisikiaje. Linamuuliza kama kitu fulani kipo katika kazi yake ya sasa. Wauguzi wanatosha kuimaliza kazi? Msimamizi anasimama na muuguzi katika uamuzi wake hata pale mgogoro unapokuwa na daktari? Upo muda wa kujadili tatizo la mgonjwa na wenzake? Jibu la "hakuna" hapa lina mwenyewe: ni la mpanga zamu, la msimamizi wa wodi, au la mganga mkuu. Linganisha na "sijaridhika na kazi yangu", ambalo kila ofisi inaweza kulisukumia ofisi nyingine.

Majibu ni manne, kutoka kukubali kabisa hadi kukataa kabisa. Hakuna jibu la katikati, na hilo ni jema, kwa sababu mtu aliyechoka hupenda kujificha katikati. Angalia mwelekeo wa namba. Katika fomu ambazo 1 ni "nakubali kabisa", kila alama lazima igeuzwe kwa kuitoa kwenye 5, ili alama kubwa imaanishe mazingira mazuri. Ukisahau hatua hii wodi bora kuliko zote itatokea ya mwisho, na kosa hilo si rahisi kuonekana kwa sababu grafu itakuwa nzuri tu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tafuta wastani wa kila fungu, kisha wastani wa hayo mafungu matano. Alama 2.5 ndiyo katikati ya mizani. Wodi yenye mafungu 4 au 5 juu ya 2.5 huhesabiwa kuwa na mazingira mazuri. 2 au 3, mchanganyiko. 1 au sifuri, mabaya. Usiichukulie 2.5 kama kipimo cha maabara. Ni mstari wa kusomea tu, na wodi ya 2.48 haina tofauti ya maana na ya 2.53.

Tuseme wodi imepata hivi: ushiriki 2.1, misingi 2.7, msimamizi 2.9, wafanyakazi na vifaa 1.8, madaktari 2.8. Jumla ya wodi, yaani wastani wa mafungu hayo matano, ni 2.46. Sasa mabadiliko yanakuja, nafasi zilizoachwa wazi hazijazwi, na fungu la wafanyakazi linaanguka hadi 1.4. Jumla inakuwa 2.38. Ukimpelekea mkurugenzi namba hiyo ya jumla, ataona kushuka kwa 0.08 na kusema hali imetulia, wakati wodini watu wanakimbia bila kukaa. Kwa hiyo peleka mafungu matano, kila mara, yakiwa yamepangwa pamoja. Jumla ni ya kulinganisha hospitali na hospitali. Kwa kazi ya ndani, inaficha.

Fungu hilo la wafanyakazi na vifaa, lenye maswali 4 tu, ndilo tunaloshauri lisomwe kwanza, na sababu haiishii kwenye starehe ya wauguzi. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake wa 2002, katika hospitali 168 za Pennsylvania, ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi huenda pamoja na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30, asilimia 23 la uwezekano wa muuguzi kuwa amechoka kupindukia, na asilimia 15 la uwezekano wa kutoridhika na kazi. Mwaka 2014 uchunguzi wa RN4CAST katika nchi 9 za Ulaya ulifikia tena asilimia 7 ile ile ya vifo kwa kila mgonjwa wa ziada. Haya ni mahusiano ya kitakwimu, si uthibitisho wa kila tukio. Hata hivyo mtu anayeliona dodoso hili kuwa malalamiko ya wauguzi tu ajue kwamba anasoma pia habari za wagonjwa.

Kasoro zake zipo. Halina swali kuhusu mshahara, urefu wa zamu, ukatili wa ndugu wa wagonjwa, wala mfumo wa kompyuta. Fungu la ushiriki linadhania hospitali yenye kamati nyingi na muuguzi mkuu mwenye sauti sawa na wakurugenzi wengine. Katika hospitali ndogo maswali hayo 9 hupata alama za chini kwa sababu muundo wenyewe haupo. Hapo soma mabadiliko kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, wala usiilinganishe hospitali hiyo na kubwa. Maswali kuhusu mpango wa huduma ya uuguzi yatawachanganya watu katika wodi ambako mpango huo huandikwa kwa sababu ya ukaguzi tu: wengine watajibu kwamba upo, wengine kwamba hautumiki, na wote watakuwa wamesema kweli.

Madodoso ya kuridhika

McCloskey/Mueller Satisfaction Scale ya 1990 lina maswali 31 pia, lakini mafungu 8: malipo na stahili, ratiba, uwiano wa familia na kazi, wafanyakazi wenza, nafasi za kuchangamana, fursa za kitaaluma, sifa na kutambuliwa, mamlaka na wajibu. Kwa hospitali ambayo badiliko lake kubwa ni ratiba, hili lina kitu ambacho PES-NWI halina: maswali 6 ya ratiba na 3 ya familia na kazi. Ukihamisha watu kutoka saa 8 kwenda saa 12, mafungu hayo mawili ndiyo yatakayokuambia nani ameumia. Kumbuka kwamba takwimu za RN4CAST zilionyesha wauguzi wa zamu za saa 12 na zaidi wakiwa na uchovu mkubwa na kuridhika kidogo kuliko wa saa 8, ingawa wengi huipenda saa 12 kwa sababu ya siku za mapumziko. Mtu anaweza kuipenda ratiba huku ikimmaliza, ndiyo maana lazima uchovu upimwe kando. Udhaifu wa dodoso hili ni fungu la wafanyakazi wenza, lenye maswali 2 tu: mtu mmoja mwenye ugomvi na mwenzake katika wodi ya watu 12 ataliyumbisha lote.

Index of Work Satisfaction la Paula Stamps ndilo lenye akili zaidi kuliko yote, na pia ndilo gumu zaidi kuliendesha. Sehemu ya kwanza huweka mambo sita mbele ya muuguzi (malipo, uhuru wa kuamua, mahitaji ya kazi, sera za taasisi, hadhi ya taaluma, mahusiano) na kumtaka achague kati ya mawili mawili lipi lina uzito kwake. Jozi 15 kwa jumla. Sehemu ya pili, maswali 44, hupima anavyoridhika na kila moja. Kisha unazidisha uzito kwa kuridhika. Matokeo yake yana thamani kubwa, maana unaona pengo kati ya kinachothaminiwa na kinachopatikana. Ila maswali 59 baada ya zamu ya usiku ni mengi mno, jozi huwachosha watu kufikia ya nane au ya tisa, na hesabu yake inahitaji mtu wa takwimu. Linafaa kwa tasnifu. Kwa wodi iliyo katikati ya mabadiliko, hapana.

Job Satisfaction Survey la Paul Spector, la 1985, halikutungwa kwa wauguzi hasa, na hapo pana faida na hasara. Faida: maswali 36 katika mafungu 9 ya maswali manne manne, matumizi yasiyo ya kibiashara ni bure, na unaweza kuwapa wauguzi, wahudumu wa maabara na watunza kumbukumbu fomu moja. Mabadiliko yakigusa hospitali nzima, hili linakuonyesha kama wauguzi wameumia kuliko wengine. Jumla huanzia 36 hadi 216. Chini ya 108 ni kutoridhika, juu ya 144 ni kuridhika, katikati ni kusitasita. Hasara: halina neno kuhusu daktari, mgonjwa wala idadi ya wagonjwa. Tena karibu nusu ya maswali yameandikwa kwa ukanushi na lazima yageuzwe kwa kutoa alama kwenye 7. Asipogeuza mtu, alama zote hujikusanya karibu na 126, yaani katikati, na ripoti husema wauguzi "wanasitasita". Ukiona wodi zote zimekaa kati ya 120 na 132, rudi kwenye jedwali lako kabla hujaandika mstari wowote.

Minnesota Satisfaction Questionnaire, la 1967, lina toleo fupi la maswali 20. Ni la haraka na ni thabiti, ila halikupi pa kushika.

Uchovu: mawili yanayogombaniwa

Maslach Burnout Inventory ndilo maarufu zaidi: maswali 22, yakiwemo 9 ya kuishiwa nguvu za moyo, 5 ya kuwaona wagonjwa kama vitu, na 8 ya kujiona umefanikiwa kazini. Hujibiwa kwa kipimo cha 0, kamwe, hadi 6, kila siku. Limefanyiwa tafiti nyingi mno, hivyo lina namba za kulinganishia. Hata hivyo kwa kazi ya hospitali tunaliweka nafasi ya pili. Ni la kulipia kwa kila nakala, na hospitali yenye wauguzi 400 wanaopimwa mara tatu italipia nakala 1,200. Maswali matano ya kuwaona wagonjwa kama vitu huwafanya watu wajifiche. Muuguzi anayeogopa barua ya onyo hataandika kwamba hajali tena kinachompata mgonjwa. Na tahadhari kwa wanaokopa ripoti za zamani: mwongozo wa toleo la 4, la 2016, uliondoa mipaka ya "juu, kati, chini" iliyozoeleka, kwa kuwa haikuwa na uwezo wa kutambua ugonjwa. Ripoti inayotangaza "asilimia 60 wana uchovu mkali" kwa mipaka ile imesimama kwenye mchanga.

Copenhagen Burnout Inventory, lililochapishwa 2005, lina maswali 19 na ni bure. Limegawanyika mara tatu: uchovu wa mtu mwenyewe (6), uchovu unaotokana na kazi (7), na uchovu unaotokana na kuhudumia watu (6). Katika fungu la tatu neno la mteja hubadilishwa kuwa mgonjwa, kama watungaji walivyokusudia. Majibu hupewa 100, 75, 50, 25 au 0, kisha unatafuta wastani wa kila fungu. Swali moja tu hugeuzwa, lile la kubaki na nguvu kwa ajili ya familia na marafiki.

Mgawanyo huo ndio unaolifanya lishinde. Wodi ikipata 65 kwenye kazi na 35 kwenye wagonjwa, wauguzi hawajachoshwa na wagonjwa: wamechoshwa na jinsi kazi ilivyopangwa. Kuwaletea semina ya kupumua na kuvumilia ni kutibu mguu usiouma. Namba zikigeuka, 40 kwenye kazi na 65 kwenye wagonjwa, kama inavyoweza kutokea katika wodi za saratani au za watoto wachanga mahututi, hapo kikao cha kuzungumza baada ya vifo na kubadilishana vituo vina nafasi yake.

Hospitali nyingine huwa tayari zina dodoso la utamaduni wa usalama la AHRQ, wakala wa serikali ya Marekani wa utafiti na ubora wa huduma za afya, lililotoka 2004 na kufupishwa 2019 hadi maswali 32 ya msingi. Ni zuri kwa usalama wa wagonjwa na kuripoti makosa. Usilitumie badala ya PES-NWI na lile la Copenhagen.

Hesabu inayodanganya

Turudi kwenye udanganyifu tulioutaja. Wodi ina wauguzi 30. Kabla ya mabadiliko, 24 wana alama 140 kwenye Job Satisfaction Survey na 6 wana 95. Wastani ni 131. Mabadiliko yanafanyika, wale 6 wanaondoka, nafasi zao zinabaki wazi, na 24 waliobaki, ambao sasa wanafanya kazi ya 30, wanashuka hadi 136. Kipimo cha pili kinasoma 136. Ripoti itaandika kwamba kuridhika kumepanda kwa alama 5 baada ya mabadiliko, ilhali kila aliyebaki ameshuka na waliokata tamaa wameshaondoka. Hakuna aliyesema uongo. Hesabu imefanywa sawasawa. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote katika eneo hili, na linajirudia kwa sababu linapendeza.

Kinga yake ni mbili. Kwanza, kila jedwali la matokeo libebe idadi ya walioondoka, waliohamishwa na nafasi zilizo wazi, kwenye ukurasa ule ule. Pili, unganisha majibu ya mtu yule yule ya kipimo cha kwanza na cha pili kwa alama ya siri anayoitunga mwenyewe, kwa mfano herufi mbili za mwisho za jina la bibi mzaa mama na herufi ya kwanza ya shule yake ya msingi. Usitumie tarehe ya kuzaliwa wala namba ya utumishi. Vyote vimo kwenye faili la ofisi, na wauguzi wanalijua hilo. Baada ya hapo linganisha walewale na walewale.

Kuliendesha bila kuliharibu

Kipimo cha kwanza kifanyike wiki 4 hadi 6 kabla ya badiliko. Ukikosa hicho, vingine vyote ni kubahatisha. Usipime katika wiki sita za mwanzo baada ya mfumo mpya kuwashwa, maana utapima vurugu ya kujifunza, si mazingira. Pima mwezi wa tatu, kisha wa kumi na mbili. Kama ipo wodi ambayo badiliko halijaifikia, ipime siku zile zile, ili kupunguzwa kwa posho au mlipuko wa ugonjwa kusihesabiwe kuwa matunda ya badiliko.

Fomu zisipite mkononi mwa msimamizi wa wodi, hata awe mwema kiasi gani. Weka sanduku lililofungwa mahali asipokaa mtu wa ofisi, au kiungo cha mtandaoni kisichodai jina la kuingilia la kazini. Wape watu muda ndani ya zamu: maswali 50 ya madodoso mawili huchukua kama dakika 15, na dakika hizo zikitolewa kwenye chakula chao utapata mistari mirefu ya jibu moja kutoka juu hadi chini. Fomu ambayo majibu yote 31 ya PES-NWI ni namba moja iondolewe kwenye hesabu, na idadi ya zilizoondolewa iandikwe.

Maswali ya utambulisho yasizidi mawili. Wodi yenye wanaume wawili, ukiuliza jinsia na miaka ya kazi umeshawataja kwa majina. Wodi yenye majibu chini ya 5 isiripotiwe peke yake. Iunganishe na inayofanana nayo. Wakijibu chini ya nusu ya wauguzi wa wodi, usiite matokeo hayo ya wodi. Ukimya wenyewe ni habari: wodi ambayo watu 7 kati ya 28 wamerudisha fomu ina tatizo la kuaminiana kabla hujafungua hata moja.

Maswali ya ziada tunayoyaona hayaepukiki ni haya. Zamu iliyopita ulikuwa na wagonjwa wangapi chini yako? Ulipumzika dakika ngapi? Unakusudia kuondoka hospitali hii ndani ya miezi 12? Taarifa ngapi ziliandikwa mara mbili, kwenye karatasi na kwenye kompyuta? Na zipi kati ya kazi hizi ziliachwa kwa kukosa muda? RN4CAST ilitumia orodha ya kazi 13, zikiwemo kuzungumza na mgonjwa na kumfariji, kumwelimisha, kumgeuza, kusafisha kinywa, na kuandika kumbukumbu. Swali hili la mwisho hujibiwa kwa ukweli kuliko yote, kwa kuwa halimtaki muuguzi ajieleze. Linamtaka akumbuke zamu moja.

Kulileta kwa Kiswahili

Tafsiri ya kurudishwa, yaani mmoja anatafsiri na mwingine anairudisha kwenye lugha ya asili bila kuyaona maandishi ya kwanza, ni lazima, lakini haitoshi. Chukua neno kuridhika. Likirudishwa litatoka safi kabisa, na mtafsiri hataona kasoro. Wodini lakini, "nimeridhika" hubeba pia maana ya kukubali na kutosheka na kilichopo: walioridhiana ni waliokubaliana, na mtu akisema ameridhika na hali yake huenda amekoma kutarajia zaidi. Muuguzi aliyekata tamaa anaweza kuandika "nimeridhika" kwa moyo mmoja. Tunashauri "unafurahishwa kiasi gani na..." au "inakufaa kiasi gani", kutegemea swali.

Maswali ya ukanushi ni mtego mwingine. "Sikubali kwamba juhudi zangu hazithaminiwi" ni kanusho juu ya kanusho, na msomaji aliyechoka atajibu kinyume cha anachokusudia. Ukiwa na ruhusa ya mwenye dodoso, ligeuze liwe la kukubali. Usipokuwa nayo, chapa neno la ukanushi kwa herufi nzito. Msimamizi naye afafanuliwe juu ya ukurasa: ni msimamizi wa wodi, wa zamu, au mkuu wa idara? Wodi zikiunganishwa huwa wako wawili kwa miezi kadhaa, na nusu ya watu watamjibia yule aliyeondolewa. Vivyo hivyo "wauguzi": sema wazi kama wauguzi wasaidizi wamo.

Kisha wasomee wauguzi 6 hadi 8 kila swali na uwaombe walieleze kwa maneno yao wenyewe. Swali ambalo wawili wamelielewa tofauti lirudi mezani. Kazi hii ni ya alasiri mbili, na huokoa miezi.

Matokeo yarudi wodini ndani ya wiki 4, kwenye karatasi moja: mafungu matano ya PES-NWI, matatu ya uchovu, idadi ya waliojibu na walioondoka, mambo mawili au matatu yatakayofanywa na nani anayewajibika, na lile ambalo halitawezekana mwaka huu pamoja na sababu yake. Karatasi ibandikwe kwenye chumba cha makabidhiano ya zamu, tarehe ya kipimo kijacho ikiwa imeandikwa chini, na ikae hapo hadi siku hiyo.